Ladha ya Funguo

Mtu wa kwanza kurudisha sahani alikuwa mpakia mizigo mmoja ambaye, tangu kantini ile ya kiwanda ifunguliwe, hakuwahi kurudisha hata mfupa. Aliiweka kwenye kaunta taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu, akainamia dirisha la jikoni.

"Mama Mizani, leo tumekukosea nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Maharage. Hebu onja mwenyewe."

Foleni nzima ilikuwa inatazama. Mizani alichota mchuzi kwa upawa, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto na kulilamba, kama alivyofanya maisha yake yote ya jikoni. Akasubiri. Chumvi haikuja, wala kitunguu, wala nyanya. Kilichokuja ni kile kile cha wiki zote hizo: chuma. Ni kama amelamba shada la funguo za mume wake.

"Yako sawa," alisema.

Foleni ikaguna. Sahani ya pili ikarudi, kisha ya tatu, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Msimamizi wa kantini, ambaye wote walimwita Bosi, alitoka ofisini na shati lake lililonyooka kama karatasi, akaonja kijiko kimoja, akakimbilia bombani.

"Mizani! Hiki ni chakula au ni dawa ya kusukutua?"

Wapishi wenzake waliinamisha vichwa. Kitunguu, mama mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu aliweza kumenya gunia zima la vitunguu bila kutoa chozi, ndiye peke yake aliyemtazama usoni. Kitunguu alikuwa ameona kitu. Mizani akageuza uso haraka, akajifanya anafunika sufuria.

Jina la Mizani hakulipata bure. Hakuwa na kijiko cha chumvi. Alikuwa na konzi yake na ulimi wake: konzi inatia, ulimi unahukumu. Ulimi ulipompotea hakumwambia mtu, akaegemea konzi, na konzi ikambeba vizuri tu. Ila jana yake mletaji wa bidhaa alikosa chumvi ya mawe, akaleta ile laini kama unga. Chumvi ya mawe huacha nafasi kati ya punje na punje. Ile laini hujaza konzi mpaka kwenye mistari ya kiganja. Mpishi yeyote mwenye ulimi angeligundua hilo kwa tone la kwanza.

"Ijumaa ya wiki ijayo wanakuja wakubwa," Bosi alisema, akipangusa midomo. "Watakula hapa hapa. Wanataka kuamua kama jiko hili libaki au chakula kiwe kinaletwa kimepikwa kutoka nje. Ukiharibu siku hiyo, Mizani, hutaharibu peke yako. Mtaondoka wote."

Aliposema wote, Kitunguu aliacha kumenya.

*

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na kibaraza chenye paa la bati. Kwenye kibaraza ndipo mume wake alipotengenezea kufuli na kuchonga funguo. Alikuwa na meza fupi, tupa za kila unene, na kopo la maziwa lililojaa funguo mbovu ambazo hakuwa na moyo wa kuzitupa. Siku hizi watu walikuwa wakinunua kufuli mpya za bei rahisi badala ya kutengeneza za zamani, kwa hiyo kodi ya nyumba na ada ya binti yao aliyekuwa shule ya bweni vilitoka kwenye lile jiko la kiwandani. Jambo hilo halikusemwa nyumbani kwao. Lilijulikana tu, kama mahali ukuta ulipopasuka.

Jioni ile, wakiwa wanakula, wifi yake ndiye aliyeanza kusema. Wifi huyu, dada mkubwa wa fundi, alikuja kusalimia tu, akasahau kuondoka.

"Wifi yangu, chakula hukitaki. Mdomo unasema mchungu. Kazini unakosea. Mimi nakwambia hongera! Kaka, nenda kanunue nepi."

"Wifi, mimi natafuta mkwe, wewe unaniletea nepi?"

"Wapo waliotafuta mkwe na nepi siku moja."

Mizani alicheka kidogo. Wifi, akifurahia mzaha wake, alinyoosha mkono akachukua kikombe kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha kaka yake. Akapiga funda moja, uso ukamkunjamana.

"Kaka! Chai hii haina sukari hata ya kuombea!"

"Naipenda hivyo," fundi alijibu, macho yakiwa kwenye sahani.

"Tangu lini? Wewe uliyekuwa unalamba kijiko mpaka kinang'aa?"

Mizani aliweka tonge chini. "Fundi. Chai yangu haina sukari tangu lini?"

"Si kila siku, mama," mume alisema haraka, kama anayemtetea mtuhumiwa. "Kuna siku inakuwa nayo. Juzi ilikuwa nayo nyingi sana."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya Bosi. Bosi alipiga kelele na yakaisha. Huyu hapa alikuwa amekaa wiki zote hizo akinywa kila alichomtilia mezani, kitamu au kichungu, na kusema asante.

"Ni vile vidonge vya presha," wifi alitangaza. "Vinaunguza ulimi, halafu vinashuka kwenye figo. Jirani yangu alivitupa chooni. Leo anatafuna pilipili mbichi na kusikia kila mbegu."

"Na presha yake?" fundi aliuliza.

"Hiyo sijamuuliza."

"Basi usimwambie mke wangu maneno ya kumpeleka kubaya. Mama yake mwenyewe..."

Hakuwa na haja ya kumaliza. Mama yake Mizani alikuwa mpishi pia. Alianguka kando ya jiko upawa ukiwa mkononi, na kuanzia siku hiyo nusu ya uso wake ililala usingizi usioisha. Mizani alimlisha uji kwa kijiko mpaka mwisho, akimfuta kidevu kila baada ya funda. Kwa hiyo siku alipoambiwa kliniki kwamba naye ana presha, hakubisha. Alipanga foleni kwenye dirisha la dawa, akapewa kimfuko cha karatasi, na sauti ya ndani ikasema, "Asubuhi na jioni, usiache. Anayefuata!" Alitaka kuuliza jambo. Lakini anayefuata alikuwa amekwisha kupitisha kiwiko.

Sasa alilala akiyapima mambo mawili. Upande huu, ulimi wake na kazi ya watu wote wa jikoni. Upande wa pili, uso wa mama yake. Akajiambia: nitaacha kidogo tu. Mpaka Ijumaa ipite. Ulimi urudi, wakubwa wale washibe, kisha nianze tena, hakuna atakayejua.

*

Kila asubuhi fundi aliuliza, "Umemeza?"

"Nimemeza," alijibu, na akipita kibarazani aliachia kidonge ndani ya kopo la funguo mbovu. Kililia *ti* kidogo sana. Jioni vivyo hivyo.

Kila asubuhi pia alijifungia jikoni kwake, akatia punje ya chumvi kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali. Chuma. Siku iliyofuata, chuma. Alijaribu limau, akajaribu sukari, akajaribu majani ya chai makavu. Vyote vilikuwa funguo.

Ulimi haukurudi, ila vitu vingine vilikuja. Alipoweka kichwa kwenye mto alisikia moyo ukipiga ndani ya sikio, kama mtu anayepanda ngazi asizozimaliza. Nyuma ya macho kulikuwa na uzito. Akiinama kuokota kifuniko, jiko zima lilichelewa kuinuka naye. Ndipo hofu ikawa pande zote mbili: akimeza atapoteza kazi, asipomeza atapoteza uso wake. Kuna mara alijikuta amesimama mbele ya kioo cha kabati, anatabasamu bila sababu, kuangalia kama midomo inapanda sawa.

Kazini alianza kuwa mjanja. "Kitunguu, hebu onja hii uniambie, nataka kuona kama unajifunza."

"Imepungua chumvi."

"Vizuri. Nilikuwa nakupima."

Kitunguu alionja ya pili, akaonja ya tatu. Siku ya Alhamisi, ile ya kuamkia ugeni, aliweka kisu chini.

"Shoga, mimi si mtoto. Ulimi wako una nini?"

"Hauna kitu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Hauna kitu. Na macho yako mekundu, na leo umeshika ukuta mara ngapi? Hapa wote tuna watoto, Mizani. Kama kesho unatupeleka shimoni, tuambie tuvae viatu."

Mizani alifungua kinywa kujibu, lakini mlango wa nyuma uligongwa. Mlango ule hugongwa na waleta mkaa na wachukua makombo. Safari hii alikuwa fundi, na vumbi la tupa kwenye nyusi zake. Hakuwahi kufika pale hata siku moja, kwa kuogopa kumwaibisha mke wake na zile suruali zake za kibarazani.

Hakusalimu. Alifungua kiganja. Ndani kulikuwa na vidonge, vyeupe, vimepakwa kutu.

"Mteja ametaka ufunguo wa kufuli la zamani," alisema. "Nikamwaga kopo nitafute. Vikamwagika na hivi."

Mizani alitazama kile kiganja. Kilikuwa na makovu ya tupa.

"Kila asubuhi nakuuliza," fundi alisema. "Kila asubuhi unanijibu."

"Mpaka kesho tu, fundi. Kesho ikipita—"

"Mama yako alianguka akisema hivyo hivyo! Kwamba ngoja kwanza chakula kiive!" Sauti ilimpanda, akaishusha, maana jiko zima lilikuwa linasikiliza. "Mimi naweza kunywa chai bila sukari mpaka nife. Kukulisha kwa kijiko siwezi. Usinifanye niweze."

Kitunguu aliivua aproni ya Mizani yeye mwenyewe, akianza na fundo la mgongoni, kama unavyomvua mtoto. "Nenda. Bosi nitamwambia unaumwa tumbo. Uongo huo ni wangu."

*

Kliniki, muuguzi alimfunga Mizani kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akatazama. Akahamia mkono wa pili. Kisha akauliza, "Mmekuja na nini?"

"Kwa miguu," fundi alijibu.

"Huyu hakutakiwa kutembea." Alimlaza kitandani, akaita daktari, wakampa kidonge cha kumeza hapo hapo wakimtazama, na kila baada ya muda walimpima tena. Fundi alikaa chini ya ukuta, viwiko juu ya magoti, anahesabu matundu ya bati. Hakuna aliyewaambia neno la maana mpaka kipimo kiliposhuka kidogo. Ndipo muuguzi akavuta kigoda.

"Kwa nini uliacha dawa?"

Mizani alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Swali hilo, likiulizwa na mtu aliyekaa, hakuwa amejiandaa nalo. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Imenila ulimi. Mimi ni mpishi."

"Imekulaje?"

"Kila kitu ni chuma. Nyama chuma, maji chuma. Hata mate yangu."

"Tangu ulipoanza hivi vidonge?"

"Tangu wiki ile ile."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la mtu anayemfahamu. "Ni dawa, mama. Si wewe. Dawa hii kwa baadhi ya watu hubadilisha ladha. Si wengi, lakini wapo. Ukishaimeza inazunguka mwili mzima, haijui kwamba umeituma kwenye mishipa tu."

Fundi aliinua kichwa. "Kuna ufunguo fulani sisi mafundi tunao. Unafungua kufuli lako, na la jirani ambalo hukulikusudia. Una jina baya, siwezi kulitaja hapa."

"Nalijua," muuguzi alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Ndivyo hivyo hasa. Mwingine humpa kikohozi kikavu. Mwingine akisimama ghafla anaona nyota. Mwingine haoni chochote mpaka anazeeka."

Mizani alijiinua kwa kiwiko. "Mnayajua haya?"

"Tunayajua."

"Mbona hamkuniambia?"

Muuguzi alitazama mlango. Nje ya pazia foleni ilikuwa inakohoa na kubembeleza watoto.

"Nikwambie ukweli? Foleni, hiyo moja. Ya pili, tunaogopa. Ukimtajia mtu mabaya yote ya dawa, anaiacha pale pale dirishani."

"Hamkunitajia," Mizani alisema, "na nimeiacha vilevile. Tofauti ni kwamba niliacha peke yangu."

Muuguzi hakukasirika. Alishusha macho akavuta kigoda karibu zaidi, halafu akaanza kueleza kwa sauti isiyo ya dirishani. Kwamba daktari atambadilishia. Kwamba hatakiwi kuacha tena bila kusema, maana presha haipigi hodi. Kwamba hata hiyo mpya inaweza kuja na mambo yake: miguu huvimba kwa wengine, viatu vikabana.

"Vikibana nifanye nini?"

"Uje uniambie. Usivue dawa, vua viatu."

"Na ulimi? Utarudi?"

"Kwa wengi hurudi. Si kesho, mama. Ni wiki kadhaa, pengine zaidi. Kukuapia siwezi."

Pazia lilikuwa limesogea. Mama mmoja wa kwenye foleni alikuwa ameingiza nusu ya uso, mfuko wa karatasi mkononi. "Samahani, dada," alinong'ona. "Hapo kwenye kikohozi kikavu, hebu rudia."

*

Asubuhi ya Ijumaa Mizani aliingia ofisini kwa Bosi kabla hajavaa aproni. Alimweleza yote akiwa amesimama. Bosi alikuwa anafunga tai, fundo likamkwama kooni.

"Leo? Unaniambia leo? Wakubwa wako njiani, na wewe unaniambia mpishi wangu haonji?"

"Mpishi wako anapika, Bosi. Kitunguu ataonja. Mkono wangu na ulimi wake."

"Na hii ni ya muda gani?"

"Sijui. Wamesema wiki kadhaa. Hawakuapa."

Bosi alimtazama kama anayetafuta mtu mwingine nyuma ya mgongo wake. Hakumpata. "Leo tu," alisema. "Kesho tutaangalia."

Wakapika. Mizani alitia chumvi kidogo kidogo, si konzi tena, na kila alipotia alinyoosha upawa kando, Kitunguu akajidondoshea kiganjani, akalamba na kusema, "Bado." "Bado." "Hapo! Usiguse!" Jiko zima lilisikia. Kwa Mizani kila bado lilikuwa kofi dogo, mbele ya watu aliowafundisha yeye. Aliyapokea yote. Wakubwa walikula, wakafuta midomo, hawakusifu, hawakurudisha sahani. Jiko likaachwa liendelee, kwa sasa.

Jumatatu Bosi alimkabidhi Kitunguu upawa mkubwa. Mizani akapewa ungo na gunia la mchele, achambue mawe, mpaka hapo ulimi utakaporudi, kama utarudi. Wapakia mizigo walipita dirishani wakamwona amekaa pembeni. Wengine walisalimu, wengine walijifanya hawakumwona, na hao wa pili ndio waliomuuma.

Jioni Kitunguu alikuja kukaa kando yake, akaingiza mikono kwenye mchele bila kuombwa. "Huu upawa ni mzito, shoga," alisema. "Ninakushikia tu. Usinizoeshe."

*

Viatu vilibana kweli. Mizani alirudi kliniki akasema, wakampunguzia dozi, uvimbe ukashuka. Alisema kwa sauti, na waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Nyumbani wifi alikuwa amekumbuka kwake, akaenda, akiacha ushauri wa majani matatu tofauti. Kila asubuhi fundi aliuliza, "Umemeza?" na Mizani akafungua kinywa na kuinua ulimi ili aone, kama mtoto, na wote wawili wakacheka cheko la watu ambao hawajasahau.

Lakini punje ya chumvi aliacha kuijaribu. Alichoka kubisha mlango usiofunguliwa.

Kukawa na asubuhi moja ya kawaida tu, mvua ikinyesha juu ya bati. Fundi alisema leo chai ataipika yeye, mama akae. Alipika kwa kelele nyingi, akaangusha kifuniko, akauliza majani yako wapi na yalikuwa mbele yake. Hatimaye alileta vikombe viwili, akaweka kimoja mbele ya mke wake, akakaa kwenye meza yake ya kazi na kuchukua tupa.

Mizani alipiga funda, akiwa na akili yake kwenye mchele wa kazini. Akaitema yote kibarazani.

"Fundi! Umetia nini humu?"

"Sukari." Alionja yake, macho yakamtoka. "Eh! Nisamehe, mama. Kopo la chumvi na la sukari yanafanana. Ngoja nikapike nyingine, nisamehe sana, mimi na jiko..."

Alikwisha kuinuka. Alikuwa amefika mlangoni na vikombe vyote viwili, bado anaomba radhi, alipogundua kwamba mke wake hamjibu. Akageuka.

Mizani alikuwa amekaa vile vile, mkono wake wa kushoto ameunyoosha mbele, kiganja juu, kimekunjwa kidogo katikati.

"Usimwage," alisema. "Nidondoshee hapa. Kidogo tu. Tena."